Jiwe Linaloitwa Kyungu

Rambirambi ya kwanza ilinikuta nikimpimia mchimbaji kamba. Yeye ameshika ncha moja, mimi nyingine, simu ikalia juu ya meza, nikaitupia jicho. Alikuwa Prof Gaston, aliyemfundisha binti yangu fizikia katika sekondari. Ameandika: "Mama Mapasa, poleni sana. Hatukujua. Mungu amupokee Merdi wetu."

Kamba ikanitoka mkononi.

Mimi si mtu wa kuangusha vitu. Nina duka la vifaa vya wachimbaji hapa Manika, Kolwezi: taa za kichwani, buti za mpira, sururu, kamba, magunia. Nina diploma ya usimamizi wa biashara, na wateja wanasema ulimi wangu ni mkali kuliko sururu ninazouza. Sawa, lakini wanarudi. Baba ya watoto, Ntambwe, alifariki mapema, nikalea mapasa, pacha wangu wawili, peke yangu, ndiyo maana mji mzima unaniita Mama Mapasa na jina langu la Huguette limebaki kwenye kitambulisho tu. Kwetu Waluba mapasa huzaliwa na majina yao. Anayetangulia kutoka ni Kyungu, anayefuata ni Kabange, hakuna mjadala. Ya kanisani yanakuja baadaye. Kyungu wangu akabatizwa Merdi, na dada yake Kabange akabatizwa Gloire.

Merdi alikuwa amepotea tangu mvua zilipoanza. Alikwenda na vijana wenzake kuchimba upande wa magharibi, njia ya Kasaji, mahali ambapo watu walisema shaba na kobalti ziko karibu na uso wa ardhi. Akapiga simu mara kadhaa, halafu namba ikafa. Baadaye kukaja habari kwamba shimo moja limeanguka kule, na waliobaki ndani hakuna anayewajua majina. Tangu siku hiyo kila mchimbaji aliyeingia dukani nilimwonyesha picha. Jibu lilikuwa moja: "Mama, kule tuko na Docteur, tuko na Chuma, tuko na Sans-Souci. Merdi hapana." Wachimbaji huacha majina yao nyumbani pamoja na viatu vizuri. Nilikuwa nikifungua duka na kulifunga na swali lile lile: mwanangu anapumua au hapumui?

Sasa nimejibiwa, na mwalimu wa fizikia.

Nikampigia palepale.

"Prof, nani amekuambia?"

"Mama, courage."

"Sikuomba courage. Nani amekuambia?"

"Iko mu bulletin, mama. Bulletin ya bale ba asteroidi. Imetoka leo. Ile jiwe ya Gloire bameipa jina. Jina ni Kyungu. Na chini banaeleza: Kyungu ni ndugu ya mapasa ya mwenye kuvumbua, marehemu."

"Kwa luga gani?"

"Kingereza, mama. Lakini mi nasoma Kingereza muzuri. Ile neno iko wazi."

Mchimbaji yule, kijana anayeitwa Mechack, alikuwa bado ameshika ncha yake ya kamba, ananitazama mdomo wazi. Nikamwambia achukue kamba yote, atalipa siku nyingine. Katika miaka yangu ya biashara sijawahi kutamka maneno hayo. Nikafunga duka, nikasimamisha pikipiki ya taxi-moto.

Jiwe lenyewe nililijua. Gloire alipokuwa darasa la tano la sekondari, Prof Gaston aliingiza shule yao katika mpango wa kimataifa wa wanafunzi wanaotafuta asteroidi. Ni mawe yanayolizunguka jua, mengi yako katika ukanda mkuu kati ya sayari ya Mirihi na ile ya Mshtarii. Kuna darubini kubwa juu ya mlima katika kisiwa cha mbali. Inapiga picha nne za sehemu moja ya anga, inasubiri kidogo kati ya moja na nyingine. Wanafunzi wa nchi mbalimbali wanatumiwa picha hizo kwa intaneti, wanazipitisha haraka haraka kwenye kompyuta. Nyota zinabaki mahali pake. Kinachosogea ndicho unachokitafuta. Ni kazi ya kuchagua maharagwe, tofauti ni kwamba maharagwe yote yanafanana na yote yanang'aa.

Siku moja ya Jumamosi nilimtuma Merdi akamchukue dada yake shuleni kwa baiskeli. Akamkuta bado ameinamia kompyuta, macho mekundu. Akatazama juu ya bega lake, akasema:

"Kabange, kadudu kanatembea kwa ekran yako."

Akalowesha kidole gumba kwa mate, akakisugua kioo. Kadudu hakakufutika. Katika kila picha kalikuwa kamesogea kidogo, kwenye mstari mmoja ulionyooka. Gloire akamrudisha nyuma kwa kiwiko, akapima, akaandika ripoti pamoja na mwalimu. Jioni walirudi nyumbani wanagombana, mmoja anasema "jiwe yangu", mwingine anasema "mate yangu".

Wataalamu wakalipatia lile jiwe herufi na namba, kama gari jipya linavyopewa pleti, halafu kimya cha miaka. Darubini nyingine zilipaswa kulifuata mpaka njia yake ijulikane bila shaka. Katika miaka hiyo Merdi aliacha masomo akaingia machimboni, Gloire akaingia chuo kikuu kusoma jiolojia. Mwaka jana ndipo ulikuja ujumbe: njia imethibitishwa, jiwe limepewa namba ya kudumu, na Gloire, aliyeandikwa kuwa mvumbuzi, ana haki ya kupendekeza jina. Masharti yapo. Lisiwe refu, likiwa neno moja ni vizuri zaidi, lisiwe la mwanasiasa wa leo wala la biashara, na kujipa jina lako mwenyewe ni tabia mbaya. Kamati ya wataalamu ndiyo inayokubali au kukataa.

"Weka jina ya duka," nilimwambia.

"Mama, bamekataza commerce."

"Basi utaweka nini?"

"Utaona."

Nimeona.

Nilimkuta Gloire jikoni, amesimama, simu mkononi. Hakulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyegongwa na mlango.

"Mama, mi sikuandika vile."

"Uliandika nini?"

"Balisema nieleze jina kwa maneno machache. Nikaandika kwa Kifaransa. Nikasema: ndugu yangu ya mapasa, disparu, ndiye aliona ile point wa kwanza. Bale ba bulletin ndio banageuza kwa Kingereza."

"Disparu."

"Ndiyo."

Kila mtu wa Kolwezi aliyekaa kwenye kiti cha msiba analijua neno hilo. "L'illustre disparu", anasema mwenye kipaza sauti, na jeneza liko mbele yake, limefunikwa kitambaa. Lakini mtoto akipotea sokoni, wakibandika picha yake ukutani, juu yake wanaandika neno hilo hilo. Disparu. Huenda amelala ndani ya sanduku, huenda anakula mandazi mtaa wa pili.

Nikapandisha sauti. "Weye Gloire! Uko université! Haukujua kama ile neno iko na miguu mbili?"

"Nilijua."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilijua, mama. Ni kwa sababu ya ile nililichagua. Ningeandika eko muzima, ningesema bongo, uongo tu. Ningeandika amekufa, ningesema bongo vilevile. Nikakamata neno yenye kubeba yote mbili. Yule wa kugeuza, kwa Kingereza hakupata neno ya vile. Akachagua moja."

"Kwa hiyo weye pia unawaza amekufa."

"Na weye unawaza vile, mama. Ni vile tu hausemake."

Mkono wangu ulipanda wenyewe, na ukabaki juu. Sijampiga binti huyu tangu alipokuwa mdogo. Nilitazama mkono ule kama ni wa mtu mwingine, kisha nikaushusha, nikaushikisha ukingo wa meza. Alikuwa amesema kweli. Kila mara nilipoonyesha ile picha dukani, nilikuwa natazama macho ya mteja kabla hajafungua mdomo, nione kama yatakimbia.

Hatukupata muda wa kusema zaidi. Getini kulisikika sauti ya pikipiki, na sauti ya plastiki ikigongana. Viti. Dada yangu mkubwa Ndaya, ninayemwita Yaya, alikuwa anaingia, amefunga kitambaa kichwani, nyuma yake wanawake wa kanisani, na nyuma yao vijana wanashusha viti vya kukodi. Prof Gaston alikuwa ameituma ile habari kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma shule ile. Kundi moja likatuma kwenye jingine. Nilipokuwa bado njiani kutoka Manika, msiba ulikuwa umekwisha kukodi viti.

Wakaanza kuimba. Watu wasiotujua wangedhani ni harusi ya walevi. Kwetu mapasa akifa hatumlilii, tunamwimbia, na nyimbo zenyewe ni za matusi: zinamtaja mama aliyewazaa wawili kwa mpigo, na zinataja jinsi, na sehemu, bila kuficha. Wanawake wale wale wanaoongoza rozari Jumapili walikuwa wanatikisa viuno uani kwangu na kunitukana kwa sauti tatu.

"Nyamazeni!" nikapiga kelele. "Hakuna mufu hapa! Rudisheni biti!"

Wakanyamaza. Ndaya akanikaribia, akanishika mabega.

"Huguette, mudogo yangu. Bazungu ba nyota bameandika."

"Bazungu ba nyota banamujua Merdi wapi?"

"Bale banaonaka mbali."

"Banaona mawe! Yaya, mi nakuambia ni kosa ya neno. Gloire aliandika disparu, bao bakasoma mufu."

Ndaya akafikiri. Ni mtu wa busara akipenda. "Sawa. Sasa kama hakukufa, eko wapi?"

Mwanamke mmoja akaanza tena wimbo kwa sauti ya chini. Nikawa nimesimama katikati ya ua wangu kama mgeni asiyeonyeshwa pa kukaa.

Ndipo Mechack akaingia, yule mchimbaji wa kamba. Kamba yenyewe ilikuwa begani bado. Akanipa mkono wa pole, nikakataa kuushika, naye hakukasirika.

"Mama, mi nimepiga simu kule," alisema. "Kwa barafiki bangu ba njia ya Kasaji. Nilitaka kubaambia. Bakanijibu: tunajua tayari."

"Banajua nini?"

"Kama kuko creuseur moja, muchimbaji kama siye, bamemupa jiwe kule juu, na amekufa. Kyungu, wa mapasa. Iko natembea mu machimbo yote. Hata ku Sandoa banasema. Banaulizana: ni nani ule Kyungu, ni wa kwetu?"

"Rudia ile."

"Banaulizana ni nani."

Miezi yote ile nimetembea na picha. Nimewauliza madereva wa malori, wauza mihogo, mapadri wanaotoka huko. Swali langu halikuvuka hata mto mmoja. Na sasa, katika mchana mmoja, uongo huu mdogo umefika Sandoa, na wachimbaji wenyewe wanatafutana. Anayeuliza habari za mtu mzima hujibiwa kwa mabega. Ukisema amekufa, kila mtu anataka kujua alikuwa nani.

Nikamgeukia Ndaya.

"Yaya, imbeni."

"Aa?"

"Imbeni kwa nguvu. Tutaweka kilio, matanga. Kilio kamili, na communiqué ku radio, na siku ya kuzika."

Ndaya akarudi nyuma hatua. Sijawahi kumwona dada yangu akiniogopa. "Huguette! Utamuzika mutoto pengine eko muzima? Ile ni kumuita kifo! Na wa mapasa tena!"

"Kama amekufa, kilio ni haki yake. Kama eko muzima, atasikia, na atakasirika. Unamujua Merdi. Umwite mwizi, umwite mulevi, anacheka. Lakini umuseme jambo lenye halikufanyika, atavuka pori usiku na mchana aje kukukatalia mbele ya batu."

"Na kama hakuje?"

Gloire alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Nilijibu nikimtazama yeye. "Basi tutakuwa tumejua."

Hilo nililisema kwa ujasiri. Ndani yangu lilikuwa kitu kingine. Niliona wazi kwamba nikitamka siku ya mazishi redioni na siku hiyo ipite kimya, nitakuwa nimemzika mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe, na hakuna mtu wa kumlaumu, hata yule mfasiri.

Tulikwenda na Gloire kwenye redio inayosikika mpaka njia ya Kasaji, jua likiwa bado juu. Mtangazaji, bwana mmoja mwenye sauti nzito na mwili mwembamba, aliandika huku nasema.

"Jina ya marehemu?"

"Kyungu Ntambwe Merdi. Sema Kyungu mara mbili. Sema wa mapasa. Sema ule wa jiwe."

"Kilio kiko wapi?"

Nikamweleza mtaa.

"Kuzika?"

"Kesho kutwa, mchana."

"Mwili uko wapi, mama? Morgue gani?"

Gloire akanivuta kitenge.

"Mwili uko njiani," nikasema.

Akaandika hivyo. "Na telefone ya jamaa, kwa wenye kutaka kuuliza?"

Nikampa namba yangu, nikamwambia aisome polepole, tarakimu moja moja, kama anamsomea mtu mjinga.

Kesho yake uani palijaa. Wachimbaji walikuja na buti zao, watu nisiowajua, wengine wamenunua buti hizo kwangu. Walitaka kusikia habari za jiwe. Gloire aliwaeleza, mwanzoni kwa aibu, halafu sauti ikampanda: kwamba liko mbali kuliko Mirihi, kwamba kwa macho halionekani, kwamba linazunguka jua polepole na mwaka wake ni miaka kadhaa ya kwetu.

"Kubwa namna gani?" mmoja akauliza.

"Kama mulima. Pengine kidogo."

"Na hakuna mwenye kibali yake?"

"Hakuna."

"Hakuna polisi ya machimbo pale?"

"Hakuna mutu."

Wakatazamana. "Aa, Kyungu amepata carrière, machimbo yake mwenyewe," mmoja akasema, na wote wakacheka, halafu wakakumbuka mahali walipo, wakafunga midomo. Prof Gaston alikaa kwenye kona na suti yake, haniangalii. Alikuwa amekwisha kuelewa jambo la neno lile, na kila alipotaka kuniomba radhi nilimpa kazi: chota maji, panga viti. Ndiyo njia yangu.

Simu yangu ililia mara nyingi siku ile. Kila mara niliikamata kabla haijalia mara ya pili, kila mara ilikuwa pole. Pole kutoka Likasi. Pole kutoka Lubumbashi. Bibi mmoja aliyewahi kununua taa kwangu, pole. Nilianza kuichukia sauti ya simu yangu.

Siku ya kuzika ikafika. Asubuhi wanawake walikuwa na sauti zilizokauka, wanaimba matusi kama watu wanaosoma hesabu. Ndaya alikuja akaniuliza chini chini tutafanya nini saa ikifika na hakuna sanduku. Nikamwambia saa bado. Gloire alikuwa ameketi kwenye ngazi, uso umeegemea magoti. Nikampita. Kama ningefungua mdomo, yangetoka maneno ambayo yeye hakustahili.

Simu ikalia. Namba nisiyoijua.

"Allô," nikasema, tayari kupokea pole.

"Allô. Hii ni numero ya bale ba kilio ya Kyungu?"

"Ndiyo."

"Nani eko nasema?"

"Weye ndiye unaita. Taja jina yako."

Nyuma yake kengele ya baiskeli, na mbuzi.

"Mama?"

Nilisikia. Nilisikia vizuri, na bado akili ilikataa, kama mlango uliovimba kwa mvua. Nikabonyeza kipaza sauti cha simu ili masikio mengine yanisaidie.

"Mama, ni nini munafanya? Niko kwa soko ya Kasaji, nanunua chumvi, radio inasema nitazikwa leo! Mwenye kuuza chumvi ananiambia pole, ule alikuwa wa ukoo wako? Radio inasema mwili uko njiani. Njia gani? Mwili ya nani?"

Uani kulipasuka. Viti vilianguka, mwanamke mmoja akaruka ukuta mdogo wa jirani, ambao sikuamini mtu wa umri wake anaweza kuuruka. Wengine wakapiga vigelegele, wengine wakamtaja Yesu. Prof Gaston alimwaga ndoo nzima ya maji juu ya viatu vyake. Ndaya akaninyang'anya simu.

"Weye mushenzi!" akalia. "Weye mbuzi bila kamba! Tumekuimbia siku mbili, sauti imekwisha! Ungekufa tu, ungetupunguzia kazi!"

"Mama Mukubwa, na miye nakusalimia," sauti ikajibu.

Nikairudisha simu kwangu. "Juu ya nini haukupiga?"

"Mama, shimo ilianguka. Miye nilikuwa inje, nimeenda kukojoa. Telefone ilibaki mule ndani na barafiki bangu. Numero yako ilikuwa mule. Kwa kichwa sikuwa nayo. Leo radio ndiyo imenipa."

"Na miguu? Miguu pia ilibaki mule?"

"Sikuweza kurudia, mama. Ningebaambia nini bamama ba bale bengine? Nimeacha kuchimba. Nasukuma baiskeli, nabeba mihogo ya Sandoa kuleta hapa. Nilisema nitakuja nikiwa na kitu."

Gloire alikuwa amefika karibu, ameukaza mkono wangu mpaka unauma.

"Kyungu," alisema.

"Kabange. Ni kweli bameandika jina yangu kwa ile kadudu?"

"Ni kweli."

"Iko na kobalti?"

"Hatujui. Hatujui hata rangi yake."

"Hamujue kitu, na mumeiita jina yangu!" Akacheka, halafu kicheko kikavunjika katikati, tukamsikia anapumua kwa nguvu. "Nilikuambia ni mate yangu," akasema.

Watu walianza kucheza. Mimi sikucheza. Nilimwambia abaki palepale, kwa huyo muuza chumvi, asisogee. Sauti si mwili. Siku hizi simu inaweza kusema chochote. Bulletin ya wataalamu wa nyota ilikuwa imesema, na wao wamesoma kuliko sisi. Nilimwachia Ndaya ua, viti na wageni, nikamchukua Gloire, tukapanda lori la wauza mahindi lililokuwa linaelekea magharibi. Barabara ile haina huruma. Tulilala kwa watawa mahali lori lilipokwama, tukaendelea alfajiri.

Njiani Gloire aliandika barua kwa watu wa bulletin, anashika simu kwa mikono miwili kwa sababu ya mashimo. Prof Gaston alikuwa amemwambia kwamba jina lenyewe halitaguswa, ila maelezo pengine wanaweza kuyarekebisha, tuombe.

"Niandike nini, mama? Vivant tu, muzima?"

"Hapana. Hakuna maneno ya miguu mbili tena. Andika: anaishi, anasukuma baiskeli ya mihogo njia ya Sandoa, na hana akili."

"Ile ya akili hawatachapisha."

"Andika. Wakate wenyewe."

Tulimkuta ameketi juu ya gunia mbele ya meza ya chumvi, mahali nilipomwambia. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota ovyo, shati si lake. Gloire akakimbia, akamrukia, wote wawili wakaanguka kwenye magunia, na mwenye chumvi akaanza kulalamika. Mimi nilibaki nimesimama na mkoba wangu. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, maneno makali, kwa mpangilio. Hayakuja.

Nilichoweza ni kumshika mkono wa shati na kumvuta mpaka kwenye banda la mama mmoja anayepika. Nikaagiza bukari, ugali wetu, na samaki, sahani kubwa. Akanawa. Akaona kwamba mimi sikuletewa sahani, wala sikai, nimesimama mbele yake kama askari.

Akakata tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalitia mdomoni. Nikatazama koo lake likipanda na kushuka. Akakata la pili. Nikalitazama nalo likishuka.

"Mama," akasema, mkono umesimama hewani, "juu ya nini unaniangalia hivi?"

"Kula," nikamwambia. "Bado sijaamini."